Zamani Mzito Ndo Alikuwa Anaomba Njia

Hii ni hotuba niliyoitoa kwenye kikao cha wazazi shuleni kwetu hapa Dar. Waliokaa nyuma walilalamika spika ilikuwa inakatakata, basi nimeiandika vile vile nilivyoisema, na nimeongeza vitu viwili vitatu nilivyovisahau siku ile.

Wazee wangu shikamooni, wenzangu habari za asubuhi. Mwalimu mkuu kaniomba niongee kidogo kuhusu usalama wa barabarani, sasa mi nafundisha historia, sheria za barabarani trafiki wanazijua kuliko mimi, kwahiyo nitaongea historia, na naomba mnivumilie maana naanzia mbali sana, lakini tutarudi hapa hapa getini.

Mnakumbuka mwezi wa tatu mtoto wetu wa darasa la tatu aligongwa pale mbele. Nilikuwepo. Nilipofika watu wameshajaa, mtoto kakaa chini kashika mguu, kiatu kimoja kimerukia mtaroni, begi limechanika madaftari yametapakaa lami nzima, na maneno ya kwanza niliyoyasikia kutoka kwa mtu mzima kabisa yalikuwa "sasa huyu alikuwa anakimbilia nini?" Na mimi mwalimu wake nikaitikia, nikasema watoto wa siku hizi hawaangalii. Gari lilikuwa kwenye kasi, saa saba mchana, mbele ya shule, watoto wanatoka, na katika watu wote tuliosimama pale hakuna hata mmoja aliyemuuliza dereva yeye alikuwa anakimbilia nini. Mtoto anatembea na magongo mpaka leo. Mi lile neno langu limenikaa moyoni, ndo maana nilipoambiwa niongee sikukataa.

Jamani lile swali lina umri. Kuna wakati mtoto akigongwa hakuna mtu duniani angeuliza hivyo. Nataka niwapeleke kwenye huo wakati.

Twende New York, mwaka 1900 hivi. Mtaa wa mji mkubwa siku hizo ulikuwa kama Kariakoo siku ya kuamkia sikukuu, yaani katikati ya barabara ndo palikuwa mahali penyewe. Upande ule wa kusini mashariki, Hester Street na mitaa ya jirani, wahamiaji Wayahudi na Waitaliano walikuwa wanapanga mikokoteni yao mstari mzima wanauza samaki, vitunguu, vitambaa, sufuria, miwani, kila kitu, na wanunuzi wanapita katikati bila wasiwasi. Wamachinga wa kule, na wao pia walikuwa wanafukuzwa na polisi kila siku wanarudi. Watoto walikuwa wanacheza mpira barabarani kwa sababu nyumba zao zilikuwa vyumba viwili watu kumi, wakacheze wapi kwingine? Tramu zinapita kwenye reli zake, mikokoteni ya farasi inabeba makaa na barafu, na mtu anavuka popote anapotaka kwa pembe yoyote anayotaka, anasimama katikati anaongea na jirani yake.

Kuna picha za sinema zilipigwa San Francisco mwezi wa nne 1906, kamera wameifunga mbele ya tramu inayoshuka Market Street, siku chache tu kabla ya lile tetemeko la tarehe 18 Aprili lililoubomoa mji wenyewe. Huwa nawaonyesha wanafunzi wangu. Dakika kumi na kitu hivi hamna taa, hamna mistari, farasi, baiskeli, magari, vijana wanakimbia mbele ya tramu wanacheka na kamera, mzee na kofia yake anavuka taratibu kama yuko uani kwake. Wanafunzi wangu kila mwaka wanauliza kitu kimoja, mbona hawagongani? Hawagongani sana kwa sababu mwendo wa karibu kila kitu mle ni mwendo wa farasi, mtu anaweza kumuona mwenzake machoni na akapisha.

Sitaki mnielewe kwamba yalikuwa maisha mazuri, hapana. Farasi pale New York walikuwa zaidi ya laki moja, na makadirio ya samadi ni zaidi ya kilo milioni moja kwa siku, kila siku ya Mungu, mvua ikinyesha ni tope hilo na jua likiwaka ni vumbi hilo hilo unalivuta puani. Farasi akifa anaachwa hapo mpaka aje kuondolewa, mwaka 1880 peke yake waliondolewa kama elfu kumi na tano. Mji uliponyooka kidogo ni 1895 alipokuja Kanali George Waring akawavisha wafagiaji nguo nyeupe kabisa kama madaktari, akawapa heshima, wakafagia kweli kweli. Kwahiyo gari lilipokuja watu wengi walilipokea kama dawa. Halinyi, halifi barabarani, halitaki majani. Na tusiwahukumu, tungekuwepo na sisi tungesema hivyo hivyo.

Na gari lenyewe la mwanzo wala halikuwa hili tunalolijua. Mwaka 1900 Marekani nzima walitengeneza magari 4,192, na katika hayo ya petroli yalikuwa 936 tu, mengine ni ya mvuke na ya umeme, ya betri kabisa, hayo mnayoona leo yanatangazwa kama mapya. Ya petroli yalikuwa yanaogopwa sababu ya hendeli, kile chuma cha kuzungusha kwa mkono kuwasha injini. Vijana hamjaiona. Babu yangu alikuwa utingo wa lori na alinifundisha nikiwa mdogo akitumia chuma cha kunolea jembe, alikuwa anasema shika hendeli lakini kidole gumba kilaze upande mmoja na vidole vingine, usikizungushe, ivute kuja juu usiisukume kwenda chini, kwa sababu injini ikikataa inarudisha teke na hendeli inakuvunja mkono, na yeye mkono wake wa kulia ulikuwa umepinda hapa kwenye kiwiko mpaka anazikwa. Mwaka 1912 Cadillac wakatoa gari la kuwaka kwa kubonyeza kitufe, stata, kazi ya Charles Kettering, na hapo gari la petroli likawa la mtu yeyote. Ford alishatoa Model T yake 1908 kwa dola 850, kufikia katikati ya miaka ya 1920 unaipata chini ya dola 300, na mpaka anasimamisha 1927 ameshatoa milioni 15. Milioni kumi na tano, kwenye ile mitaa ya Hester Street niliyowaambia.

Sasa mauti. Mwanzoni mtu mmoja akifa ilikuwa habari ya dunia. Uingereza walikuwa na sheria tangu 1865, chombo cha injini kikipita barabarani lazima atangulie mtu kwa miguu na bendera nyekundu, na mjini mwendo usizidi maili 2 kwa saa, yaani mtoto wa darasa la kwanza anakupita. Ile bendera watu wanaicheka kwenye vitabu vya historia na mimi sijawahi kuona cha kuchekesha pale. Wazo lake ni kwamba mwenye kitu kizito kinachoua ndo anayetakiwa kuomba njia kwa asiye na kitu.

Na sisi tulikuwa na wazo hilo hilo bila kuletewa na Mwingereza! Zanzibar na Mombasa hamali akipita uchochoroni na mzigo mabegani au na rukwama lake alikuwa anaita "simile! simile!", na wewe unabana ukutani anapita, lakini sikiliza sauti yake, ni sauti ya mtu anayeomba. Pale Mombasa kabla magari hayajajaa walikuwa na toroli juu ya vijireli vyembamba, abiria wanakaa juu kwenye kiti chenye kivuli na vijana wanasukuma kwa nyuma wanakimbia, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1920, na hao pia walikuwa wanapiga kelele watu wapishe. Honi imekuja kuchukua nafasi ya simile, na honi haiombi.

Turudi. Tarehe 17 Agosti 1896, London, kwenye viwanja vya Crystal Palace, mama mmoja Bridget Driscoll, miaka 44, yuko na binti yake, akagongwa na gari la maonyesho akafa. Dereva alisema alikuwa kwenye maili 4 kwa saa. Mchunguzi wa vifo akasema anatumaini kitu kama hiki hakitatokea tena. Miezi mitatu baadaye, 14 Novemba mwaka huo huo, sheria mpya ikaanza, mwendo ukapanda mpaka maili 14 kwa saa. Marekani wa kwanza ni Henry Bliss, 13 Septemba 1899, alikuwa anashuka kwenye tramu pale West 74th Street akapigwa na teksi, na ilikuwa teksi ya umeme, akafa asubuhi ya kesho yake. Dereva wa teksi alikamatwa. Sikilizeni hapo, alikamatwa. Akili ya watu wote siku hizo, polisi, hakimu, gazeti, ilikuwa barabara ni ya watu wote na aliyeleta kitu cha hatari ndo wa kuulizwa.

Alafu yakawa mengi. Vita Kuu ya Kwanza ilipoisha 1918, ndani ya miaka minne tu Marekani waliokufa kwa magari walizidi askari wao waliouliwa vitani Ufaransa. Miaka ya 1920 kwa ujumla walikufa zaidi ya laki mbili, na kwenye miji wengi walikuwa wa miguu, na wengi mno ni watoto, kwa sababu mtoto alikuwa anacheza pale pale alipocheza baba yake. Wazazi walilia hadharani. New York mwaka 1922 waliandamana watoto elfu kumi, na ndani ya maandamano likatengwa kundi moja la watoto 1,054, kila mtoto mmoja anasimama badala ya mtoto mmoja aliyekufa kwa ajali pale mjini mwaka mmoja uliotangulia. Hebu fikirini shule yetu hii wanafunzi wetu wote wanapita mbele yako na kila mmoja ni marehemu. Baltimore wakajenga mnara wa kuwakumbuka watoto 130. Magazeti yalikuwa yanachora gari kama mungu wa kale mwenye mdomo wazi anatupiwa watoto ale.

Na hawakuishia kulia. Polisi wa New York walishaanza tangu 1914 kufunga baadhi ya mitaa saa za mchana watoto wacheze. Cleveland mwaka huo huo wakafunga taa za umeme za kuongoza magari kwenye njia panda ya Euclid Avenue, nyekundu na kijani, na polisi yuko kwenye kibanda anabonyeza. Pale pale Cleveland alikuwepo Garrett Morgan, mtu mweusi, wazazi wake walizaliwa utumwani, fundi wa cherehani aliyejisomea mwenyewe, 1923 akapata hataza, yaani hati ya haki ya mvumbuzi, ya mashine yake ya kuongoza njia panda yenye hatua ya tatu katikati, ya kusimamisha pande zote ili waliobaki wamalizie kupita na wa miguu wavuke. Namtaja huyu kila nikipata nafasi, wanafunzi wangu wamjue.

Lakini kubwa kuliko yote ni Cincinnati, 1923, hii ndo nilitaka mtoke nayo leo. Wananchi elfu 42 walisaini waraka kwamba kila gari pale mjini lifungwe kifaa cha kuizima injini ikizidi maili 25 kwa saa. Kidhibiti mwendo! Miaka mia moja iliyopita. Majirani zetu Kenya walifunga spidi gavana kwenye matatu 2004 tukaona ni teknolojia, kumbe watu wa kawaida wa Cincinnati waliitaka kabla babu yangu hajazaliwa. Wauza magari wakashtuka kweli, wakaelewa kwamba gari likinyang'anywa kasi hamna wa kulinunua, wakachanga hela, wakatangaza kila kona, Novemba ikapigwa kura na wale elfu 42 wakashindwa vibaya.

Tangu hapo wenye magari wakajua hawawezi kukaa kimya. Wakaacha kubishana kuhusu kasi, wakahamia kwenye lawama. Kulikuwa na neno la mtaani, "jay", maana yake mshamba, bwege wa kijijini aliyeingia mjini anashangaa maghorofa. Wakalibandika kwa anayevuka popote, "jaywalker", mvukaji mshamba. Neno lilikuwepo kabla kidogo lakini watu walilichukulia kama tusi, wao wakalipamba likawa la kawaida mpaka likaingia kwenye sheria. Nawaambia hakuna silaha kama aibu. Mtu maskini unaweza kumpiga faini akalipa akarudia, lakini mwambie mshamba mbele za watu, hasa mhamiaji ambaye juzi tu kashuka melini na anataka aonekane wa mjini, harudii tena. 1924 New York kwenye maandamano ya usalama walimvisha mtu nguo za mchekeshaji wakamtembeza mbele ya Model T, gari linamgonga gonga kwa nyuma taratibu, na watu pembeni wanacheka. Miaka miwili tu tangu wale watoto 1,054 wapite wameinamisha vichwa, sasa wanacheka aliyegongwa.

Na magazeti je? Mwaka ule ule wa 1924 chama cha watengeneza magari kikaanzisha huduma ya bure, mwandishi anatuma maelezo ya ajali anarudishiwa habari imeshaandikwa tayari, na ndani ya habari aliyekosea mara nyingi ni wa miguu. Mwandishi ana haraka, habari ni ya bure, anaichapa. Mwaka uliofuata Los Angeles ikapitisha sheria, wa miguu avuke kwenye kivuko tu na kwa zamu yake, polisi wakapewa filimbi wampulizie anayekosea watu wote wageuke wamuangalie, na miji mingine ikaiga.

Hapo ndo lilipozaliwa "alikuwa anakimbilia nini". Nilipokuja kuyajua haya nilijisikia vibaya kwa namna ambayo siwezi kuieleza vizuri, kwamba mimi mtu wa Dar es Salaam, karne nzima baadaye, mtoto wangu wa darasani yuko chini anavuja damu, mdomo wangu ukatoa maneno yaliyotengenezwa na wauza magari wa Marekani, na niliyatoa kama vile nimeyafikiria mwenyewe.

Sisi magari yalitukuta tayari lawama zimeshapangwa. Mafuta yalikuja kwenye mabati ya galoni nne, mawili kwenye sanduku la mbao, bibi zetu wakayachukua yale mabati wakachotea maji na wakapimia mahindi, ndo hilo debe mpaka leo. Bati tulilipa kazi yetu wenyewe. Zile sheria na zile akili zilizokuja nalo hatukuzipa kazi yetu, tulizivaa tu kama zilivyo. Na hapa kwetu wenye gari walikuwa wachache mno, miaka mingi ni Mzungu na serikali na tajiri mmoja wa dukani, kwahiyo barabara ikijengwa inajengwa kwa ajili ya huyo, na ninyi wengine wote mnaokwenda kwa miguu mnapewa majani ya pembeni. Angalieni barabara yetu hii hapa nje. Njia nne za lami. Pa kutembea mtoto ni ukingo wa mtaro, na bodaboda nazo zinapita huko huko.

Dunia nzima sasa hivi wanakufa barabarani watu kama milioni moja na laki mbili kila mwaka, hizo ni hesabu za Shirika la Afya Duniani, na wa kati ya miaka mitano na ishirini na tisa hakuna kinachowaua zaidi ya hicho, si malaria wala UKIMWI. Hao ni wanetu waliokaa madarasani hapo wanatusubiri tumalize.

Kuna mzazi aliniuliza juzi, mwalimu kwani tusiwafundishe watoto kuvuka? Tuwafundishe mama, kila siku, na mimi nafundisha. Ila nitawaambia kitu ambacho kilinichanganya. Ule mpango wa watoto kusimama na kibao kuwavusha wenzao, ambao na sisi tunao hapa, Marekani ulianza 1920 hivi, na waliousambaza ni vyama vya wenye magari. Umeokoa watoto wengi, sitaki kuudharau hata kidogo. Lakini ndani yake kuna fundisho jingine la kimya kimya, mtoto anajifunza kwamba barabara ina wenyewe na yeye ni mpita njia tu, kazi ya kutouawa ni yake, ana miaka tisa. Hilo siwezi kulikubali.

Kwahiyo tumeongea na mwalimu mkuu na mjumbe wa mtaa. Maombi ya matuta mawili na alama ya mwendo tumeshayaandika, yako pale mezani, naomba kila mzazi asipite bila kusaini, na asiyejua kuandika kuna wino wa dole gumba, tusione haya. Na kuanzia Jumatatu ile kazi ya kusimama barabarani asubuhi na saa za kutoka watoto hawaifanyi tena, tutaifanya watu wazima kwa zamu, watatu watatu. Mama ntilie wetu hapa nje kashajitolea Jumatano na Alhamisi, kasema anaacha chapati kwa binti yake nusu saa. Bendera nyekundu nimenunua kitambaa mwenyewe, mita mbili, fundi kashona sita, na tutazielekeza kwa magari, mtoto tutamwambia apite tu. Jumatatu ni zamu yangu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nahitaji wawili wa kusimama na mimi.